Vifaranga 17 kwa usiku mmoja: samaki wa Ziwa Tanganyika ndani ya maji ya bomba Tabora

Kisa hiki kinahusu tanki moja la lita 120, sebuleni kwa mfugaji wa samaki wa mapambo, Tabora mjini. Samaki wenyewe ni Neolamprologus brevis, samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika anayeishi na kuzaa ndani ya gamba tupu la konokono. Ni wa jamii moja na kuhe na sato, ila dume lake halizidi sana sentimita 6. Usiku mmoja wa Julai vifaranga 17 kati ya 22 walikufa, na jike mmoja mzima akafa pamoja nao. Walionusurika walikutwa asubuhi wamejazana juu karibu na mapovu ya pampu, vifuniko vya matamvua vikipiga haraka.

Mfugaji alishuku ugonjwa. Kabla ya hapo alishuku chakula, na kabla ya chakula alishuku kwamba samaki wa ziwa hilo hawawezi kuzaa mbali na ziwa. Yote matatu hayakuwa. Kilichowaua ni amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula, na amonia hiyo ilikuwa imelala ndani ya tanki kwa wiki kadhaa bila kumdhuru yeyote, mpaka ilipoamshwa.

Tanki lilivyoanzishwa

Samaki sita waliletwa kwa treni kutoka Kigoma mwishoni mwa Aprili, wakiwa kwenye mifuko ya plastiki ndani ya boksi la barafu lisilo na barafu. Walikuja na madumu mawili ya lita 20 yenye maji ya ziwa, mchanga laini wa kutosha kina cha sentimita 5, na magamba 15 ya Neothauma, yule konokono wa ziwani ambaye magamba yake matupu ndiyo nyumba za samaki hawa. Lita 80 zilizobaki zilikuwa za bomba. Kichujio ni sponji moja inayovutwa na pampu ya hewa, na hita ya wati 100 iliwekwa nyuzi 26. (Anayetaka kufuata njia hii aanze kwa afisa uvuvi. Kutoa samaki hai ziwani na kuwasafirisha ni jambo la kibali, hata kama ni sita tu.)

Mwanzo ulikuwa mzuri. Baada ya wiki tatu jozi mbili zilikuwa zimejitenga, kila moja na gamba lake. Brevis ana tabia ambayo samaki wengi wa magamba hawana: dume na jike hukaa gamba moja. Wakitishwa, jike hutangulia kuingia na dume humfuata, mkia wake ukibaki karibu na mlango. Wao wenyewe huchimba mchanga chini ya gamba kwa midomo mpaka lizame na kubakiza tundu tu, likiangalia juu kwa mshazari. Ukiona jike haonekani siku nzima, na dume anafukuza hata kivuli cha mkono wako kwenye kioo, kuna mayai. Siku nane hadi kumi baadaye vifaranga huanza kuonekana mlangoni kama vijiti vya milimita chache, wakigusa mchanga na kurudi ndani.

Jozi ya kwanza ilitoa vifaranga 22 mwezi Juni. Jozi ya pili ilitaga pia, lakini mayai yakageuka meupe na kuota ukungu. Hiyo ilikuwa ishara ya kwanza, na ilipita bila kusomwa.

Mfugaji alipewa maelekezo na wenzake wa Kigoma: badilisha robo ya maji kila wiki. Kwa Kigoma ni maelekezo sahihi kabisa, kwa sababu huko maji ya bomba yanatoka ziwani humo humo. Kila ndoo unayomimina inarudisha kile samaki na bakteria walichotumia wiki nzima. Tabora maji ni mengine. Bomba la mjini sasa linaleta maji ya Ziwa Victoria, ambayo ni laini, yenye madini machache. Ni maji mazuri kwa kunywa na kufulia. Kwa samaki wa Tanganyika yana upungufu mmoja mkubwa ambao hauonekani kwa macho.

Vifaranga walipotoka, mfugaji aliogopa kuwanyonya kwa mpira wa kutolea maji, akaacha kubadilisha kwa wiki tatu. Samaki wazima wakapoa na kupunguza kula. Akaweka OTC ya kuku, yaani antibiotiki ya oksitetrasiklini, kwa siku tatu. Hali haikubadilika, na jioni moja akaamua kufanya usafi mkubwa: akatoa nusu ya maji, akajaza ya simtanki, kisha, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba samaki hawa wanapenda maji ya magadi, akayeyusha vijiko viwili vya chakula vya magadi ya mawe ya jikoni na kumimina. Asubuhi ndipo vifo vikaonekana.

Ushahidi uliokuwa kwenye ndoo

Bahati ni kwamba maji yaliyotolewa hayakumwagwa yote. Ndoo moja ilibaki barazani kwa ajili ya kumwagilia maua, na kipimo cha matone kiliweza kusoma maji ya kabla na ya baada.

Maji ya ndoo, yaani ya zamani, yalisoma pH 6.3 (chini ya 7 ni asidi) na amonia ya jumla miligramu 4 kwa lita. KH, yaani akiba ya kumeza asidi, haikufika hata tone moja. Maji ya tanki asubuhi ile yalisoma pH 8.4, amonia 2, KH 6. Maji ya bomba peke yake yalikuwa na KH 2.

Ukitazama namba ya amonia tu, utasema hali ilikuwa inaboreka, kwa sababu ilishuka kutoka 4 hadi 2. Hapa ndipo wengi hupotea. Kipimo cha kawaida kinajumlisha vitu viwili: amoniamu, ambayo karibu haina sumu kwa samaki, na amonia huru, ambayo inachoma matamvua. Kinachoamua mgawanyo ni pH, na joto kidogo. Kwenye pH 6.3 na joto la nyuzi 26, amonia huru ni karibu asilimia 0.1 ya jumla. Katika zile miligramu 4, sumu halisi ilikuwa kama 0.005, na kifaranga anaishi nayo. Kwenye pH 8.4 sehemu hiyo inapanda hadi asilimia 13 hivi. Miligramu 2 zikawa na sumu ya zaidi ya 0.2 kwa lita. Kwa hiyo usiku ule jumla ilipungua kwa nusu, na sumu ikaongezeka zaidi ya mara 40.

Ushahidi mwingine ulikuwa juu ya mchanga. Magamba ambayo hayakuzikwa yalikuwa yamepoteza ule uso wake laini. Ukipitisha kidole, kinatoka na unga mweupe, na kwenye mikunjo ya juu kulikuwa na vishimo kama vya sindano. Gamba ni kalisi kaboneti, na maji yenye asidi huyala. Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi magamba hayo hayakuzuia asidi. Yalijaribu, lakini kalisi kaboneti huyeyuka polepole mno, na magamba 15 yaliyozikwa nusu yana uso mdogo wa kugusana na maji.

Washukiwa wengine waliondolewa kimoja kimoja. Klorini ingeweza kuua hivyo hivyo, lakini maji yalikuwa yamekaa simtanki siku kadhaa, na mfugaji huyo huyo alikuwa amejaza kwa maji ya simtanki hiyo tangu Aprili bila kifo. Baridi ilichangia: Tabora iko juu, usiku wa Julai maji ya simtanki yanashuka hadi nyuzi 20 hivi, na lita 60 za namna hiyo kwa mkupuo zilishusha tanki lote. Hilo linachosha samaki, ila haliui 17 kwa usiku mmoja. OTC haikuua samaki moja kwa moja. Ilichofanya, kwa uwezekano mkubwa, ni kudhoofisha bakteria wachache waliokuwa bado wanafanya kazi kwenye sponji.

Hesabu ya KH

KH ni akiba ya bikaboneti iliyoko majini, kitu kinachomeza asidi kabla haijashusha pH. Ziwa Tanganyika lina KH ya 16 hadi 18, ndiyo maana pH yake inasimama karibu na 9 mwaka mzima. Bakteria wa kwenye sponji wanapogeuza amonia kuwa naitreti hutengeneza asidi, na asidi hiyo inakula akiba. Kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa inamaliza karibu miligramu 7 za ualkali. Kwa tanki hili, lenye kulishwa kama gramu 1 ya chakula kwa siku, inakuja takriban digrii 1 ya KH kwa wiki.

Sasa piga hesabu. Lita 40 za ziwa zenye KH 17 na lita 80 za bomba zenye KH 2 zinatoa KH 7. Kila wiki toa 1 iliyoliwa na bakteria, kisha badilisha robo kwa maji ya KH 2. Wiki ya kwanza inaisha na 5. Ya pili, 3.5. Ya tatu, 2.4. Ya nne, 1.5. Ya tano iko chini ya 1. Angalia kwamba hesabu hii inamchukulia mfugaji ambaye hajakosa wiki hata moja. Mwenye bidii na mvivu, kwa maji haya, wanafika sehemu moja, wanapishana siku tu.

Akiba ikiisha, pH inaporomoka. Ikishuka chini ya 6.5 bakteria wa amonia wanapunguza kazi sana, na karibu na 6 wanasimama. Kuanzia hapo kila chakula unachotia kinaacha amonia isiyo na wa kuishughulikia, lakini asidi ile ile inaishikilia katika hali ya amoniamu. Tanki linaonekana safi, maji yanang'aa, samaki wamepoa tu kidogo. Halafu anakuja mtu mwenye nia njema na kijiko cha magadi.

Jambo hili hili hutokea kwenye mifuko ya safari, na inafaa kulitaja kwa wanaopokea samaki stesheni. Ndani ya mfuko uliofungwa saa nyingi, hewa chafu ya samaki inashusha pH na amonia inajikusanya ikiwa salama. Ukifungua na kuanza kudondoshea maji ya pH ya juu taratibu kwa saa mbili, unawachemsha ndani ya uchafu wao. Sawazisha joto mfuko ukiwa bado umefungwa, kisha fungua, mnyanyue samaki kwa wavu na kumtia tankini, maji ya mfuko yamwagwe. Samaki wasilishwe siku moja au mbili kabla ya safari.

Siku mbili za kwanza

Asubuhi ile wazo la kwanza la mfugaji lilikuwa siki, ili kushusha pH tena. Hapana. Siki inakula KH, pH inashuka kwa saa chache na kupanda tena, na samaki aliyeungua matamvua anapigwa mara ya pili na ya tatu. Dawa ni kupunguza amonia kwa maji yanayofanana na yaliyomo.

Pipa la lita 100 lilijazwa maji ya bomba, likawekwa gramu 12 za bekingi soda ili KH ifike 6, likapashwa hadi nyuzi 25 na kupigwa hewa. Theluthi ya tanki ilibadilishwa asubuhi, theluthi jioni, na theluthi asubuhi iliyofuata baada ya kujaza pipa tena. Amonia ikaenda 1.3, 0.9, 0.6. Chakula kilisitishwa siku tatu. Pampu ya pili ya hewa iliongezwa. Chumvi ya mezani, gramu 10 kwa lita 100, iliwekwa kwa sababu bakteria wakianza upya naitraiti, sumu ya hatua ya kati amonia inapogeuka naitreti, hupanda kabla ya kushuka, na kloridi iliyomo kwenye chumvi huizuia kuingia mwilini mwa samaki. Sponji ilikamuliwa polepole ndani ya maji ya tanki. Ukiikamulia bombani unawaua bakteria uliobaki nao.

Kichujio kilichukua zaidi ya wiki tatu kusimama. Hakukuwa na mfugaji wa jirani wa kuazima sponji iliyokomaa. Angekuwepo, muda huo ungepungua sana. Katika kipindi hicho samaki walipewa chakula kidogo mara moja kwa siku, siku moja ikirukwa kila baada ya mbili, na amonia ikapimwa siku moja baada ya nyingine.

Maji mapya

Pipa sasa ndilo moyo wa ufugaji huu. Kwa lita 100 za maji ya bomba:

bekingi soda gramu 30, yaani vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa;
chumvi ya Epsom gramu 30, vijiko vya chai 6 pia.

Soda inaongeza KH kwa 10, jumla 12. Epsom inaongeza magnesi, ambayo Ziwa Tanganyika linayo kwa wingi kuliko kalisi. Yeyusha kila kimoja peke yake kwenye jagi, mimina, piga hewa saa 24 na mfuniko wazi ili klorini itoke, pasha joto, ndipo utumie. pH inatulia kwenye 8.2 hadi 8.4. Haifiki ile ya ziwa, na hakuna haja ya kuikimbiza. Kwa uzazi, pH ya 8.3 isiyoyumba ni bora mara nyingi kuliko 9 inayopanda na kushuka.

Madukani kuna mitego mitatu. Bekingi pauda siyo bekingi soda. Ina asidi ndani yake. Magadi ya mawe yana kaboneti pamoja na bikaboneti, usafi wake unatofautiana kipande kwa kipande, na yanapandisha pH kwa ghafla. Yabaki jikoni kwenye maharage. Na mtu akikuambia uweke chokaa, uliza ni ipi. Chokaa ya mifugo iliyosagwa kutokana na mawe ni kalisi kaboneti na inaweza kukaa kwenye soksi karibu na kichujio kama kinga, ingawa peke yake haitakuvusha zaidi ya pH 7.8 hivi. Chokaa ya kupaka nyumba inaua tanki zima kwa dakika.

Kwa hesabu ile ile ya awali, robo ya maji ya KH 12 kila wiki inalifanya tanki litulie kwenye KH 9 baada ya kubadilisha na 8 kabla. Kipimo cha kushika kila wiki ni hicho cha KH. pH inakuja kukuambia habari wakati akiba imeshaisha.

Uzazi uliofuata

Wazima watano walibaki. Jozi ya kwanza ilitaga tena mwishoni mwa Agosti, na vifaranga 19 wakaonekana mlangoni. Ile jozi ya pili ndiyo iliyompoteza jike. Dume lake limebaki na gamba na bado halijapata mwenza kati ya wale wawili wasio na jozi. Akiendelea kufukuzwa itabidi ahamishwe, maana tanki la mita moja halina kona za kutosha kwa dume asiye na kazi.

Chakula cha siku kumi za kwanza kilikuwa artemia, vijidudu vya maji ya chumvi, waliototolewa nyumbani: chupa ya lita 1.5 yenye lita moja ya maji na gramu 25 za chumvi, nusu kijiko cha chai cha mayai, hewa kali kutoka chini, nyuzi 27, saa 24 hadi 36. Zima hewa dakika kumi, maganda yanaelea, artemia wanakusanyika chini wakiwa na rangi ya chungwa. Wanyonye kwa mpira mwembamba, wachuje kwa kitambaa na kuwasuuza kwa maji matamu. Mayai ya artemia ni ghali na huagizwa mbali, kwa hiyo baada ya hapo vifaranga walihamishiwa unga wa dagaa: dagaa wakavu wasio na chumvi, wametolewa vichwa, wakasagwa, wakachekechwa kwa chujio la chai kisha kwa kitambaa cha pamba. Kinachopita kitambaa ndicho chakula. Kipimo ni ncha ya kijiti cha meno, mara tatu kwa siku, kikidondoshwa kwa bomba la sindano mlangoni pa gamba. Dagaa wa Tanganyika wana mafuta, na unga wao ukibaki mchangani usiku mmoja unaoza. Kiini cha yai la kuchemsha, ambacho watu hukipendekeza sana, kinachafua haraka kuliko hivyo na hapa hakikutumika.

Kunyonya vifaranga wakati wa kubadilisha maji, ile hofu iliyoanzisha wiki tatu za kutobadilisha, ina ufumbuzi mwepesi: funga soksi ya nailoni kwenye mdomo wa mpira, na toa maji upande wa mbali na gamba. Vifaranga wa brevis hawasafiri mbali na mlango katika wiki za mwanzo.

Umeme ukikatika usiku, sponji isiyopitiwa na maji yenye hewa huanza kufa ndani ya saa chache. Pampu ndogo ya betri inayojiwasha yenyewe imeunganishwa.

Kufikia Novemba vifaranga 17 walikuwa hai, wengi wakikaribia sentimita 2, na chakula kilikuwa kimefika gramu 2 kwa siku. Bakteria sasa wanakula KH 2 kwa wiki badala ya 1, na kwa utaratibu wa robo moja tanki litatulia kwenye 6 baada ya kubadilisha na 4 kabla. Mfugaji amehamia kwenye robo mara mbili kwa wiki, Jumatano na Jumapili, mpaka vifaranga wapate tanki lao. Hawatapelekwa bwawa la Igombe wala popote penye maji ya wazi.